Doo Irudi, Lakini Nani Atashikilia Msee wa Kware?

Novemba 17, 2024, Rais Ruto aliingia kanisa Katoliki la Soweto pale Kayole na mkono mzito. Laki sita ya kwaya na watoto wa PMC, kile kikundi cha watoto kanisani. Milioni mbili ya kujenga nyumba ya padre. Akaahidi milioni tatu ingine na basi ya parokia. Gavana Sakaja naye akaongeza laki mbili. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatoa barua: doo yote irudishwe kwa wenyewe, na hizo ahadi pia zikataliwe.

Hiyo move ilinibamba vibaya. Kayole ni Eastlando kama sisi. Huku kanisa hujengwanga mawe kwa mawe, na sadaka ya mathe wa mboga na msee wa mjengo. Kukataa mamilioni mahali kama hapo ni ngori, juu hakuna mtu anaweza sema hiyo doo haikuwa na kazi.

Sasa kuja huku kwetu Kware. Huku mtihani haukujangi na msafara. Unakujia asubuhi mapema kwa geti ya kampuni, Indaa, wakati wasee washatembea kutoka Pipeline na Mukuru ndio wasave fare. Wera ni ya siku. Supavaiza mwenye anachagua wa kuingia anataka kitu kwanza, na kama huna anakuruka kama hakujui. Manzi ndio huonanga moto zaidi. Yeye haitishwi soo mbili, anaambiwa aje keja ya mkubwa jioni. Akisema yeye ni Mkristo na hiyo hawezi, anarudi hao mkono mtupu, na lando amesimama kwa mlango wa ploti. Mbogi nayo itamcheka: unajifanya mtakatifu na hujadishi?

Mi nasema huyo manzi amefanya kitu kubwa kuliko askofu. Anyolo akikataa doo, ako na jimbo kuu zima nyuma yake, na atadishi jioni. Manzi wa Kware akikataa, ako solo.

Na imani ya solo huchokanga haraka. Wasee wa Uamsho, ile revival ya Wakristo wa East Africa, miaka ya hamsini walijua hii. Wakati wa Mau Mau walikataa kula kiapo, wakakataa pia kushika bunduki ya mkoloni, so wakachapwa na pande zote mbili. Kuna wenye waliuawa. Wenye walisimama walisimama juu ya ushirika: walikuwa wanakutana, wanaombeana, wanajua nani amelala njaa. Viapo viliporudi 1969, Samuel Gathinji wa PCEA alikataa, wakampiga mpaka akafa. Kanisa lake halikunyamaza, lilisimama likakemea hicho kiapo wazi, na serikali ya wakati huo haikuwa ya kuchezewa.

Huku mtaani tuko na makanisa kila kona. Spika zinashindana Jumapili mpaka hujui unasikiza mahubiri ya nani. Mahubiri ya kukataa dhambi nimeyasikia tangu niwe mdogo, na ni ya ukweli. Yenye sijaskia ni pasta akiuliza nani amekosa wera wiki hii juu alikataa kutoa hongo. Hiyo swali inafaa kuulizwa kwa nguvu ile ile hutumika kuitisha fungu la kumi.

Jumuiya ndogo ndogo ziko, na vikundi vya vijana viko. Hukutananga kila wiki kwa keja za watu, so hakuna kitu mpya ya kujenga. Sadaka ya pili ya Jumapili moja kila mwezi iende kwa wenye walirudishwa geti. Si lazima majina yatajwe kwa maiki. Pakiti mbili za unga, mafuta, na nusu ya rent, zipelekwe usiku na watu wawili wenye wanajua kufunga mdomo. Na kama huyo supavaiza hukaanga benchi ya mbele kwa hilo kanisa, wazee wamwite pembeni kabla ya Jumatatu.