Kinachokosekana Simiyu ni msimu

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikitolewa Shinyanga na Busega ikimegwa kutoka Mwanza. Kwa wapenda soka mgawanyo huo ulikuwa neema, maana mkoa mpya una bingwa wake, na bingwa wa mkoa ana tiketi ya Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, RCL, ambayo ndiyo njia ya timu ya mtaani kufika First League, kisha Championship, kisha Ligi Kuu. Tiketi ipo, lakini Ligi Kuu yenyewe watu wa Bariadi wanaitazama kwenye vibanda umiza. Vijiweni jibu ni moja tu: hakuna fedha. Mimi naona kinachotangulia kukosekana ni msimu, yaani miezi ya mechi za ushindani zinazofuatana, nyumbani na ugenini, hadi timu ijijue.

RCL huchezwa kwa vituo. Mabingwa wa mikoa kadhaa hukusanywa mji mmoja, wakalala gesti na kucheza mechi chache zilizobanana. Kipa aliyeteguka kidole mechi ya kwanza hudaka ya pili akiwa amefungwa bandeji, kwa sababu wiki ya kupona haipo. Beki akiteleza mara moja, kazi ya mwaka mzima imekwisha, na kocha hawezi kujua kama timu yake ni mbovu au ilikuwa na siku mbaya. Linganisha na Scotland, nchi ya watu milioni tano na nusu hivi. Madaraja matatu ya chini ya ligi yao kuu yana timu kumi kila moja, zinazokutana mara nne kwa msimu, mechi 36. Brechin City, klabu ya mji wa watu elfu saba hivi, ilimaliza msimu wa 2017/18 katika daraja la pili bila kushinda hata mechi moja: sare nne, vipigo 32. Ni aibu, lakini aibu iliyopimwa. Hata mwaka 2021, ilipotolewa kabisa kwenye ligi ya taifa, Brechin ilikuwa imemaliza ligi ikiburuza mkia kabla ya kushindwa na Kelty Hearts katika mchujo wa mwisho.

Mtu atasema Scotland ni mbali, tutazame majirani: Mwadui ilibebwa na mgodi wa almasi, Kagera Sugar ina kiwanda, Simiyu ina nini? Lakini majirani hao hao wanaidhoofisha hoja. Mwadui ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015 na mwaka 2021 ikashuka; kuwa timu ya mgodi hakukuiokoa. Stand United, timu iliyochipukia stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilipanda mwaka 2014. Kampuni ya madini ya Acacia ilikuja kuidhamini mwaka uliofuata, timu ikiwa tayari inaonekana. Mfadhili hununua kitu kinachoonekana, na timu inayocheza mechi chache za kituo haionekani na mtu.

Kibaya zaidi, Simiyu fedha zina majira yake. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, huchumwa kuanzia Mei, na mzani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ukishaanza kufanya kazi ndipo mifuko inatuna. Kati ya Januari na Aprili watu wako shambani wakipalilia, akiba ya chakula inapungua, na viwanja vimejaa matope. Kuomba kiingilio au mchango wa jezi miezi hiyo ni kumkamua ng'ombe mkavu. Ligi ya mkoa ikichezwa Juni hadi Oktoba itakutana na uwanja mkavu na mtazamaji mwenye chochote mfukoni. Wapo watakaosema kalenda ya shirikisho la soka, TFF, haiwezi kusubiri pamba. Haiombwi kusubiri, bingwa wa mkoa anatakiwa tu awe amepatikana kabla kituo hakijafunguliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la ndondo, mashindano ya mtaani. Miezi hiyo hiyo ya mavuno ndiyo ya mabonanza, zawadi ikiwa ng'ombe dume, na vijana hucheza sana. Ni kweli, na soka lake ni tamu. Ila ndondo nyingi ni za mtoano: ukifungwa leo umemaliza, na timu inayotaka yule dume huleta mamluki ambao Jumatatu hawapo tena. Kijana wa Lagangabilili anaweza kucheza ndondo miaka mitano asijifunze kulinda bao moja ugenini, akijua kwamba marudiano yanakuja.

Hesabu yenyewe haitishi. Mkoa una halmashauri sita. Kila moja ikitoa timu mbili zinakuwa 12, kila timu mechi 22, jumla 132. Bariadi hadi Maswa ni kilomita 50 hivi za lami, Bariadi hadi Lamadi 70 na ushei. Safari nyingi zinaweza kuwa za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa Hiace ya kukodi. Njia ya kulazimu kulala pengine ni moja, kati ya Nyashimo na Mwanhuzi, na mechi zake zingepangwa pamba ikiwa mzanini.