Kumtumaini Mungu Wakati wa Mashaka

Masisi ni nchi ya milima na majani mabichi. Ng'ombe hulishwa juu, na maharagwe na viazi hupandwa ubavuni mwa mlima. Ukishuka upande wa magharibi unafika Walikale, nchi ya msitu mkubwa, mihogo na ndizi. Maji ya milima huteremka mpaka mto Lowa, na Lowa huyapeleka hata Lualaba.

Huku kwetu mvua ni nyingi. Ikinyesha kwa nguvu mahali palipokatwa miti yote, udongo hauna kitu cha kuushika. Huteleza pamoja na mashamba, na pengine pamoja na nyumba. Mahali penye miti, mizizi huushika udongo. Mvua ni ile ile. Tofauti iko chini, mahali pasipoonekana.

Bwana wetu Yezu alifundisha jambo linalofanana na hilo. Alisimulia habari za watu wawili waliojenga nyumba, mmoja juu ya mwamba, mwingine juu ya mchanga. Nyumba ya mchangani ilianguka, ile ya mwambani ikasimama. Lakini angalieni vizuri: mvua ilinyesha juu ya nyumba zote mbili. Mtu anayemtumaini Mungu hakuahidiwa siku bila mvua. Ameahidiwa msingi.

Mvua ya nchi yetu

Wazazi wenu wameona mashaka mengi. Mwezi wa Machi 1993 mapigano yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno walivuka kutoka Rwanda. Vita vikafuata mwaka 1996, na tena mwaka 1998. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitoa moto, ukaunguza sehemu kubwa ya mji wa Goma pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika mjini Masisi na mjini Goma, na mwezi wa Machi vikafika mjini Walikale.

Kwa sababu hiyo watoto wengi wamelala usiku mmoja nyumbani, na usiku wa pili njiani. Mtoto wa namna hiyo huweza kuuliza: «Je, Mungu ametuacha?» Swali hili si dhambi. Hata watakatifu wamemlilia Mungu hivyo. Basi tujifunze maana ya kumtumaini.

Kumtumaini Mungu ni nini?

Kwanza, anayemtumaini Mungu hafungi mikono. Mkulima hutia mbegu za maharagwe katika udongo, naye hajui mvua ya mwezi ujao. Amefanya kazi yake, na linalobaki amemwachia Mungu. Akisali tu bila kulima, atavuna majani. Vivyo hivyo mtoto wa shule: vita vikifunga shule, asifunge kitabu chake.

Pili, anayemtumaini Mungu hutumia akili. Watu wengine husema kwamba anayekimbia hana imani. Sivyo. Mfalme Herode alipotaka kumwua Mtoto Yezu, malaika alimwonya Yosefu katika ndoto. Yosefu hakungoja asubuhi. Aliondoka usiku ule ule pamoja na Mtoto na mama yake, wakaenda Misri. Hakuna mtu aliyemtumaini Mungu kuliko Bikira Maria na Yosefu, nao walikuwa wakimbizi. Basi mtoto aliyekimbia asione haya. Yezu mwenyewe alipita njia hiyo.

Tatu, anayemtumaini Mungu hushika haki hata pale uovu unapolipa vizuri. Wakati wa mashaka watu wengi husema: «Kila mtu ajitafutie.» Hapo ndipo wizi, rushwa na kisasi huota kama magugu.

Mfano wa Floribert

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisomea sheria, akawa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani wapate kusoma. Baadaye alipata kazi ya kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Mwaka 2007 watu walitaka kupitisha mchele ulioharibika, wakampa fedha ili afumbe macho. Floribert alijua kwamba mchele ule ungewadhuru watu maskini. Alikataa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wakamteka, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Je, Mungu alimwacha? Kanisa limejibu. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenye heri, mjini Roma, katika kanisa la Mtakatifu Paulo. Wale waliomwua walidhani wamemwangusha, lakini alikuwa amejenga juu ya mwamba. Tumaini lake halikumwondolea kifo. Lilimfanya asiuze roho yake kwa fedha, nasi twaamini kwamba yu hai mbele ya Mungu.

Mikono ya Mungu

Husemwa kwamba Mungu hamtupi mja wake. Lakini mara nyingi Mungu hutumia mikono ya watu. Katika Masisi na Walikale jamaa nyingi zimewapokea wakimbizi nyumbani mwao, hali wao wenyewe walikuwa na chakula kidogo. Sahani moja ya bugali na sombe ikaliwa na watu wa nyumba mbili. Mama aliyefungua mlango wake usiku alikuwa jibu la sala ya mtu mwingine.

Basi, watoto, salini asubuhi na jioni. Fanyeni kazi yenu ya leo. Mgawieni mwenzenu aliyekuja bila kitu, wala msimwulize kwanza ni wa kabila gani. Hiyo ndiyo mizizi. Haionekani, lakini siku ya mvua ndiyo inayoshika mlima.

Maswali

1. Kwa nini udongo huteleza mahali pasipo miti?
2. Katika mfano wa Yezu, mvua ilinyesha juu ya nyumba ipi?
3. Yosefu alifanya nini aliposikia habari ya hatari?
4. Floribert alikataa jambo gani, na kwa sababu gani?
5. Wewe waweza kumsaidia namna gani mtoto aliyekimbia vita?