Darubini ya Kupima Umbali: Jinsi Wapiga Mizinga Walivyotambua Masafa ya Shabaha

Tarehe 6 Julai, 1915, meli mbili za kivita za Uingereza, Severn na Mersey, ziliingia katika delta ya Mto Rufiji kuishambulia manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya mikono ya mto huo. Pande zote mbili zilikuwa na mizinga yenye uwezo wa kutupa makombora umbali wa kilomita nyingi. Hata hivyo, misitu ya mikoko ilizizuia meli hizo zisionane, na swali la kwanza la kila mpiga mzinga likawa gumu kulijibu: shabaha iko umbali gani?

Swali hilo ni la msingi kwa sababu kombora haliendi kwa mstari mnyoofu. Likishatoka mdomoni mwa mzinga hupanda, hufika kileleni, kisha huanguka kwa kufuata njia ya upinde. Ili lianguke mahali palipokusudiwa, mdomo wa mzinga lazima uinuliwe kwa kiasi kinacholingana na umbali wa shabaha. Umbali ukikadiriwa kuwa mkubwa kuliko ulivyo, kombora hupita juu ya shabaha. Ukikadiriwa kuwa mdogo, huanguka kabla ya kufika. Kwa askari wa miguu wanaosonga mbele chini ya ulinzi wa mizinga yao wenyewe, kosa la mita mia mbili laweza kuwa tofauti kati ya kulindwa na kuuawa.

Siri ya pembetatu

Kanuni inayotumiwa na darubini ya kupima umbali inaweza kujaribiwa na mtu yeyote bila kifaa. Nyoosha mkono mbele, simamisha kidole gumba, kisha kitazame kwa jicho moja huku jingine likiwa limefumbwa. Ukibadilisha jicho, kidole kitaonekana kimeruka upande mmoja wa mandhari iliyo nyuma yake. Kidole hakikusogea, kilichobadilika ni mahali pa kutazamia. Kwa kuwa mkono ulionyooshwa una urefu wa takriban mara kumi ya nafasi iliyopo kati ya macho, kidole kikionekana kuruka mita 30 kwenye ukuta wa jengo la mbali, jengo hilo liko umbali wa takriban mita 300.

Darubini ya kupima umbali hufanya kazi hiyo kwa usahihi mkubwa zaidi. Ni bomba refu linalolazwa mlalo, lenye dirisha la kioo katika kila ncha. Madirisha hayo mawili ni kama macho yaliyotenganishwa kwa mita moja, mita tatu au zaidi. Nafasi kati yake huitwa msingi. Mwanga kutoka kwenye shabaha huingia kwa ncha zote mbili, hugeuzwa na prizimu kuelekea katikati ya bomba, kisha humfikia mpimaji kupitia kioo cha kutazamia. Msingi na mistari miwili ya mwanga hufanya pembetatu nyembamba sana. Urefu wa msingi ukijulikana, na pembe iliyo kwenye kilele cha pembetatu ikipimwa, umbali hupatikana kwa hesabu.

Katika aina mojawapo ya darubini hizo, mpimaji huona picha ya shabaha ikiwa imekatwa vipande viwili, cha juu na cha chini. Mlingoti wa meli, kwa mfano, huonekana umevunjika katikati. Mpimaji huzungusha kitufe kinachosogeza kipande chembamba cha kioo ndani ya bomba hadi nusu mbili za mlingoti zikae sawasawa. Hapo husoma umbali moja kwa moja kwenye kipimo, kwa kuwa hesabu ya pembetatu imekwisha kufanywa na waliokitengeneza chombo.

Vyombo vya aina hiyo vilipata sifa kutokana na kazi ya Archibald Barr na William Stroud, waliokuwa walimu wa elimu ya juu mjini Leeds, Uingereza, walipoanza ubunifu wao mwaka 1888. Baadaye kampuni yao ilistawi mjini Glasgow na kuuza darubini hizo kwa majeshi ya nchi nyingi.

Wajerumani, kupitia kampuni ya Zeiss, waliendeleza aina ya pili, ambayo mpimaji hutumia macho yote mawili. Humo huona mandhari yenye kina, pamoja na alama zinazoonekana kana kwamba zinaelea angani. Kazi yake ni kulinganisha kina cha alama na kina cha shabaha. Aina hii hufaa hata kwa kitu kisicho na ukingo ulionyooka, kama vile wingu la moshi, lakini humtaka mpimaji mwenye uwezo mzuri wa kuona kina, na si kila mtu amejaliwa uwezo huo.

Mipaka ya chombo

Ugumu wa kazi hii unatokana na udogo wa pembe inayopimwa. Kwa msingi wa mita 3 na shabaha iliyo umbali wa kilomita 3, pembe hiyo haifiki hata dakika 4, ilhali nyuzi moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Mpimaji akikosea sekunde moja tu, umbali hupotoka kwa takriban mita 15. Kwa shabaha ya kilomita 6, kosa lilelile huzaa upotofu wa takriban mita 58, na kwa kilomita 12 hufikia mita 233. Kwa maneno mengine, umbali ukiongezeka maradufu, upotofu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu meli kubwa zilifungwa mabomba marefu zaidi. Manowari ya Kijapani Yamato ilikuwa na darubini zenye msingi wa mita 15.

Joto nalo ni adui. Jua likipiga upande mmoja wa bomba, chuma hupanuka na kujipinda kidogo sana, na kiasi hicho kidogo hutosha kuharibu kipimo. Kwa hiyo chombo kilipaswa kusahihishwa mara kwa mara, pengine kwa kulenga mwezi au nyota, ambazo ziko mbali kiasi kwamba mistari miwili ya mwanga wake huhesabiwa kuwa sambamba.

Ukungu na moshi navyo vilikuwa kikwazo. Katika vita vya majini vya Jutland, tarehe 31 Mei, 1916, makombora ya kwanza ya Waingereza yalipita juu ya shabaha kwa sababu umbali ulikadiriwa kuwa mkubwa mno, huku Wajerumani wakipata masafa mapema zaidi. Zaidi ya watu 8,000 walipoteza maisha katika mapambano hayo.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kilidhihirika Rufiji: darubini haiwezi kupima kisichoonekana. Waingereza walitegemea ndege zilizoruka kutoka Kisiwa cha Mafia, ambazo wapelelezi wake walitazama makombora yanapoanguka na kutuma masahihisho kwa redio. Shambulio la kwanza halikufaulu. Tarehe 11 Julai walirudi. Ndege ya rubani John Cull na mpelelezi Harwood Arnold ilipigwa, lakini Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati ndege ikishuka kuelekea mtoni. Siku hiyo Königsberg iliangamizwa.

Kutoka kioo hadi leza

Leza ya kwanza ilipozinduliwa mwaka 1960, njia mpya ilifunguka. Kipima umbali cha leza hutuma mwako mfupi wa mwanga na kupima muda unaopita hadi mwanga huo urejee. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, shabaha ya kilomita 10 hujibu ndani ya sehemu 67 za milioni ya sekunde. Upotofu haukui tena mara nne kila umbali unapoongezeka maradufu.

Hata hivyo, leza nayo huhitaji kuona shabaha, na ukungu huisumbua vilevile. Mmoja wa mizinga ya Königsberg umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, ambako wageni huutazama hadi leo. Ukubwa wake unaonekana kwa macho. Kisichoonekana ni kwamba mzinga wowote, hata uwe na nguvu kiasi gani, hutegemea kwanza kipimo sahihi cha umbali.