Mtandao wa baiskeli Uingereza: Urefu ulivyozidi ubora

WAFANYABIASHARA waliozoea kusoma hesabu za kampuni wanajua kuwa si kila mali iliyoandikwa vitabuni inazalisha. Shirika la hisani la Uingereza lililojulikana kwa zaidi ya miaka 40 kwa jina la Sustrans lilikiri jambo hilo hadharani Julai 2020. Katika mtandao wa taifa wa njia za baiskeli uliokuwa na maili 16,575, lilipunguza maili 3,733, sawa na kilomita 6,000 hivi. Hiyo ni karibu robo ya mtandao mzima.

Uamuzi huo ulikuwa mzito kwa sababu mtandao ulianza kwa jasho la watu wa kujitolea, na maelfu yao wameendelea kuutunza kwa kufyeka vichaka na kusafisha vibao bila malipo.

Mtaji wa nguvu

Kazi ilianzia mjini Bristol mwaka 1977, wakati bei ya mafuta ilipokuwa bado ikiwaumiza wananchi. Kikundi cha wakazi kilichojiita Cyclebag kilidai njia salama za baiskeli. Miongoni mwa waanzilishi alikuwemo mhandisi John Grimshaw, aliyekuja kuliongoza shirika kwa miaka mingi.

Badala ya kungoja barabara mpya, kikundi kililenga reli ya zamani kati ya Bristol na Bath, iliyofungwa kwa abiria mwaka 1966. Kwa hesabu za biashara, huo ulikuwa ununuzi wa busara. Matuta, madaraja na handaki vilikwisha kulipiwa na wenye hisa wa reli katika karne ya 19. Tena, kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia yake ina mwinuko mdogo unaomfaa hata mtoto au mzee. Gharama kubwa iliyobaki ilikuwa kusafisha, kutandaza sakafu ya njia na kutengeneza maingilio.

Sehemu ya kwanza, kati ya Bath na Bitton, ilijengwa mwaka 1979. Kufikia 1986 njia nzima ya maili 13 ilikuwa imekamilika.

Fedha za bahati nasibu

Mwaka 1995 mambo yalibadilika. Shirika lilipata pauni milioni 43.5 kutoka fedha za bahati nasibu ya taifa zilizotengwa kwa miradi ya kuadhimisha mwaka 2000. Fedha hizo hazikutosha peke yake, hivyo halmashauri za mitaa na wafadhili wengine walichangia. Katikati ya mwaka 2000 mtandao wa maili 5,000 ulizinduliwa, na baada ya hapo ukazidi kurefuka.

Tatizo lilikuwa jinsi ulivyorefuka. Ardhi nyingi ya reli zilizofungwa ilikwisha kuuzwa vipande vipande, na shirika lenyewe linamiliki sehemu ndogo tu ya mtandao. Kila kipande kilihitaji mazungumzo na mwenye shamba, halmashauri au idara ya barabara. Pale ardhi iliposhindikana, njia ilipitishwa kwenye barabara ya kawaida na kibao kikasimikwa. Kibao ni rahisi, na maili inahesabika sawa na ile iliyojengwa kwa changarawe.

Ukaguzi wa 2018

Mwaka 2018 shirika lilitoa matokeo ya ukaguzi wa mtandao wote. Takriban theluthi moja tu ilikuwa njia isiyo na magari. Kwa ubora, asilimia 1 ilikuwa nzuri sana na asilimia 53 nzuri. Asilimia 42 ilikuwa duni na asilimia 4 duni sana.

Kwa maneno mengine, mzazi aliyefuata kibao akiwa na mtoto angeweza kujikuta katikati ya malori. Jina lililojengwa na njia ya Bristol lilikuwa likidhamini barabara zisizostahili.

Uongozi, chini ya Mtendaji Mkuu wakati huo, Xavier Brice, ulichagua kupunguza. Maili 753 ziliondolewa kabisa na maili 2,980 zikapangwa upya nje ya mtandao, hasa kwa waendeshaji wazoefu. Zilibaki maili zaidi ya 12,700. Mwaka 2025 shirika lilibadili jina na kuitwa Walk Wheel Cycle Trust.

Funzo kwa mwekezaji mdogo

Hatua hiyo inafanana na ya benki inayofuta mikopo isiyolipika: siku ya tangazo mizania inanywea, lakini mteja anajua kilichobaki ni cha kweli. Benki inayochelewa kufuta hulipia zaidi baadaye. Hapa waliokuwa hatarini kulipia ni watumiaji wa barabara.

Mwenye mgahawa, nyumba ya wageni au karakana ya baiskeli kando ya njia hapati wateja kwa sababu ramani ya taifa ni ndefu. Anawapata iwapo familia inaweza kufika mlangoni kwake salama na kutamani kurudi. Hivyo mtu anayepima mradi wa aina hii, au kampuni yoyote inayojisifu kwa idadi ya matawi, aulize kwanza ni sehemu gani inayofanya kazi, nani anaitunza, na lini ilikaguliwa mara ya mwisho.