Maneno ya kijiweni kuhusu besi: yapi kweli, yapi uongo

Wapiga besi tukikutana hatuzungumzii nyimbo, tunazungumzia waya. Kijiwe chetu kiko Mlandizi, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro, na hakichagui mtu. Yumo mpiga besi wa kwaya kutoka Kibaha, yumo kijana anayekuja kutoka upande wa Kisarawe na gitaa mgongoni juu ya bodaboda, yumo mzee aliyepiga dansi enzi ambazo mwanamuziki alikuwa na kitambulisho cha kazi. Hapo ndipo nimesikia karibu kila uongo uliopo kuhusu gitaa la nyuzi nne, pamoja na kweli kadhaa zinazofanana mno na uongo. Nadhani chanzo ni kimoja: besi huisikii kwa masikio kwanza, unaisikia tumboni na kwenye nyayo. Kitu ambacho watu wanakihisi bila kukitazama, kila mmoja hukisemea lake.

"Besi ni ya aliyeshindwa solo."

Uongo, na ndio uongo wa kwanza ambao kila mmoja wetu aliambiwa, mara nyingi na shemeji.

Chukua rekodi za Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Waache waimbaji, ziache tarumbeta, fuata besi ya Suleiman Mwanyiro peke yake. Utaona haijazi kila pigo. Inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, inampisha mpiga tumba, halafu inarudi pale pale ambapo mguu wako ulikuwa unashuka. Wimbo ukiingia kwenye chemko ndipo unapotambua kwamba ule ukimya ulipangwa. Kunyamaza hivyo ni kugumu kuliko kukimbiza vidole. Mimi ilinichukua miaka kujifunza kuacha noti, na bado kuna siku nazijaza kwa woga.

Mpiga solo akikosea, ukumbi unasema amekosea. Mpiga besi akikosea, ukumbi hausemi kitu. Watu wanarudi kukaa. Niliwahi kukatikiwa na waya katikati ya harusi, wimbo ukaendelea na magitaa mawili na kinanda. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ila mama mmoja aliyekuwa akicheza karibu na jukwaa alisimama, akamwambia mwenzake, "Wameuharibu." Hakujua kilichoharibika, lakini aliujua uharibifu.

Chembe ya ukweli ipo. Kwenye bendi na kwaya nyingi, anayejiunga mwisho hukabidhiwa besi kwa kuwa ndilo gitaa lisilo na mwenyewe. Paul McCartney aliishika besi ya Beatles mwaka 1961 kwa sababu Stuart Sutcliffe aliondoka na wenzake hawakuitaka. Kupewa kitu kwa kukosa chaguo ni jambo moja, unachokuja kukifanya nacho ni jingine.

"Nyuzi za zamani zikichemshwa zinafufuka."

Kweli. Zinafufuka kwa siku chache, kisha zinakufa tena.

Wageni hudhani tunatania tukisema tunapika nyuzi. Uzi wa besi ni waya uliozungushiwa waya mwingine, na katikati ya mizunguko hiyo huingia jasho, mafuta ya vidole na vumbi. Uchafu huo unauzuia uzi usitetemeke vizuri, mlio unakuwa wa blanketi. Maji ya moto huuyeyusha na kuutoa. Chemsha dakika kumi hivi, usitie chumvi wala chochote, ufute na kuukausha sawasawa kabla haujashika kutu. Lakini chuma chenyewe kimeshachoka, na kila unapoufungua na kuufunga unauchosha zaidi. Ukishapika mara mbili tatu, panda gari uende Kariakoo ukanunue mpya.

Au usiende. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi mno za kampuni ya Motown kule Detroit, alikuwa na Fender Precision ya mwaka 1962 ambayo nyuzi zake hakuwa akizibadilisha mpaka zikatike. Mlio ule mzito usio na kengele ndio aliokuwa akiutaka. Kwa hiyo kabla hujawasha jiko, jiulize kama uchafu wako haukusaidii.

"Sauti ya besi inahitaji mita nane kabla haijajitengeneza, ndiyo maana mpigaji hajisikii jukwaani."

Huu ni uongo wenye shahada. Hesabu yake ni sahihi na jibu lake ni bovu, kwa hiyo hata mafundi mitambo wanaurudia.

Uzi mnene ukiwa haujabanwa hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Gawanya, unapata wimbi lenye urefu wa mita nane na ushee. Mpaka hapo sawa. Kosa ni kudhani sikio lazima lisubiri wimbi zima lipite kama treni kwenye kivuko. Sikio linahisi hewa ikisukumwa na kuvutwa pale pale lilipo. Vaa spika za masikioni, ambazo ziko sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio, na besi utaisikia yote.

Sababu ya kutojisikia ni ya kawaida zaidi. Amplifaya umeiweka chini, nawe umesimama mbele yake. Zile sauti za juu kidogo zinazokuwezesha kutambua noti huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, nazo zinakupiga kwenye mashavu ya miguu. Iinue juu ya kiti au kreti la soda, au iegemeze itazame usoni. Nimewafanyia hivyo wenzangu watatu na wote walidhani nimebadilisha spika. Tena kuta za ukumbi hurudisha mawimbi marefu yakakutana na yanayokwenda: hatua moja besi imejaa, hatua mbili haipo. Jaribu kutembea kidogo kabla hujamlaumu fundi.

Jambo linalofanana na hili ni kweli tupu: besi husikika mbali kuliko vyombo vingine. Anayelala bonde la Ruvu anajua. Kigodoro kinapigwa kijiji cha pili, huwasikii waimbaji wala kinanda, unasikia *du, du, du* mpaka alfajiri. Hewa hunyonya sauti za juu kwa haraka na kuziacha za chini zipite, na mawimbi marefu huzunguka miti na nyumba badala ya kugota. Usiku ardhi ikipoa kabla ya hewa ya juu, sauti hupinda na kurudi chini, ndiyo maana saa nane za usiku muziki unasikika kama umehamia uani kwako.

"Gitaa la besi ni mambo ya Wazungu, kwetu halikuwapo."

Gitaa lenyewe ni la kigeni, hilo halina ubishi. Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1951, kwa sababu lile besi kubwa la kusimama lilikuwa gumu kubeba na halisikiki mbele ya tarumbeta. Ila kazi ya besi, yaani sauti nzito inayowaambia wachezaji washuke wapi, haikuja kwa meli.

Nenda Unguja ukasikilize kidumbaki. Chini ya fidla, cherewa, mkwasa na zile ngoma mbili ndogo, kuna mtu mwenye sanduku la mbao lililogeuzwa, fimbo na uzi mmoja. Anaivuta fimbo kuukaza uzi, anailegeza, noti zinapanda na kushuka bila alama yoyote ya kumwonyesha pa kushika. Chombo kinaitwa sanduku, basi. Mtu akikwambia huwezi kupiga besi mpaka ununue yenye jina kubwa, mpeleke kwa mpiga sanduku. Huku kwetu kwa Wazaramo, anayeijua ngoma nzito ya mdundiko ameshajua nusu ya kazi ya besi kabla hajagusa gitaa.

"Fundi hupiga kwa vidole, kipande cha plastiki ni cha wanaojifunza."

Uongo, tusipoteze muda. Carol Kaye alirekodi maelfu ya nyimbo Marekani kwa kipande hicho hicho. Jamerson yeye alitumia kidole kimoja, cha shahada, na dunia nzima bado inajaribu kumwiga kwa viwili.

"Nyuzi nne zimepitwa, siku hizi ni tano."

Nusu. Uzi wa tano, ule wa chini kabisa, hutetemeka mara 31 kwa sekunde. Spika nyingi za kukodi tunazokutana nazo kwenye sherehe za Mlandizi na Kisarawe haziwezi kuitoa sauti hiyo. Zinatikisika tu, na usipoangalia utazichana. Hapo umebeba uzi wa kupendezea. Kanisani ni habari nyingine. Kwaya huhama ufunguo mara tatu katika wimbo mmoja kumfuata mwimbaji, na wa nyuzi tano hushuka bila kuruka huku na huko. Kama riziki yako ni ibada, nunua tano. Kama ni dansi, nne zinakutosha mpaka uzeeni.

"Mpiga besi hakosi kazi."

Ilikuwa kweli. Mzee wetu wa kijiweni hukumbusha kwamba zamani bendi ilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, shirika la mabasi lilikuwa na UDA Jazz, Bima walikuwa na Bima Lee. Polisi na Magereza walikuwa na zao, na JKT, ambayo moja ya kambi zake iko hapa hapa Ruvu, ilikuwa na Kimulimuli. Gitaa lilikuwa mali ya shirika, nyuzi zikikatika aliyenunua ni shirika, na mpigaji alipokea mshahara. Mashirika yalipobanwa, bendi ndizo zilizokatwa mapema.

Leo singeli inatoka kwenye kompyuta, besi yake haina mtu. Sherehe nyingi zinataka DJ. Bado wapiga besi ni wachache kuliko wapiga solo, kwa hiyo simu italia. Italia kwa ajili ya Jumamosi moja, nauli juu yako, na malipo "tutaongea baada ya shughuli". Kwenye hili ushauri wa kijiwe ni mmoja na hauna mpinzani: ongea kabla ya shughuli.

"Ukigusa nyuzi mvumo ukakoma, gitaa ni bovu. Na kupigwa shoti kidogo na maikrofoni ni kawaida."

Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote mawili yanahusu waya mmoja.

Anza na mvumo. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Bana uzi mnene kwenye nafasi ya tatu, upate G: ni mitetemo 49. Yaani ule mvumo wa amplifaya ni G iliyopanda kidogo, na ndiyo sababu wimbo ukiwa kwenye G huusikii, ukihamia F sharp unakukera. Marekani, ambako umeme ni mara 60, mvumo wao uko kati ya B flat na B.

Mwili wako huupokea mvumo huo kutoka kwenye nyaya za ukumbi kama antena. Nyuzi za besi zimeunganishwa ndani na waya wa ethi, kupitia kebo mpaka kwenye amplifaya. Ukizigusa, mwili nao unaunganishwa na ethi, mvumo unapungua. Gitaa ni zima. Sehemu hii ya maneno ya kijiweni ni uongo usio na madhara.

Ya pili inaua. Kama nyuzi zinategemea ethi ya amplifaya, tazama sasa ethi hiyo tunavyoitendea. Amplifaya imekuja ya mtumba, plagi yake haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu. Mtu anachukua kijiti, au kalamu, anakisukuma kwenye tundu la juu ili yale mawili yafunguke, anachomeka. Taa inawaka, kila mtu anafurahi. Tundu lile la juu ndilo la ethi, nawe umeliziba kwa mbao. Siku amplifaya ikipata hitilafu ndani, umeme hauna pa kwenda ila kwenye kasha lake, kwenye kebo, kwenye nyuzi, kwenye vidole vyako. Hutausikia mpaka uguse kitu kingine chenye ethi. Kitu hicho ni maikrofoni, unaigusa kwa mdomo, na njia kutoka vidoleni hadi mdomoni inapita kifuani.

Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972. Alikuwa na miaka 27, ila kwake isiyokuwa na ethi ilikuwa maikrofoni. Sisi tunapiga nje, kwenye majani yenye umande, masika, wengine pekupeku kwa sababu viatu vya sherehe vinabana.

Kinga yake ni ya bei ndogo kuliko seti ya nyuzi. Vyombo vyote vya jukwaani vitoke kwenye chanzo kimoja cha umeme chenye ethi inayofanya kazi. Plagi isiyoingia ikatwe, ifungwe ya miguu mitatu na fundi umeme, waya wa kijani na njano ukiwa mahali pake. Uwe na testa kwenye begi: kabla ya wimbo wa kwanza gusa nayo wavu wa maikrofoni, kisha nyuzi zako. Ikiwaka, zima kila kitu, hata kama emsii ameshaita maharusi.

Jumamosi hii ukifika ukumbini, begi la besi liache limefungwa kwanza, nenda nyuma ya amplifaya utazame soketi. Ukikuta kijiti, usipige.