Waya wa Antena Hupitia Kwenye Deki

Kila mara huletewa deki ambazo wenyewe wanasema zimekufa. Nikizifungua, nyingi nazikuta nzima: mota inazunguka, hedi ni safi, kanda inaingia na kutoka. Kilichokosewa ni nyaya. Mtu amerithi deki pamoja na kabati la kanda za harusi na maulidi, akaiunganisha kwa kubahatisha, akaona chenga tupu, akakata tamaa. Inaniuma, maana kanda ile huenda ndiyo mahali pekee ambapo sauti ya bibi yake bado inasikika.

Jambo linalowachanganya wengi ni hili: kwa nini waya wa antena uingie kwenye deki kabla ya kufika kwenye runinga? Deki haikutengenezwa kwa kuchezea kanda tu. Ndani yake mna kinasa stesheni chake yenyewe, kisichotegemea kile cha runinga, na ndiyo maana zamani uliweza kurekodi taarifa ya habari ya stesheni moja huku watoto wakitazama katuni kwenye nyingine. Kwa hiyo waya unaoshuka kutoka juu ya paa huchomekwa nyuma ya deki, palipoandikwa RF IN au ANT IN, kisha waya mwingine mfupi hutoka RF OUT kwenda kwenye tundu la antena la runinga. Katika deki nyingi mawimbi hukuzwa kidogo yakiwa njiani, na kikuzaji hicho kinakula umeme. Ukichomoa plagi ya deki ukutani, runinga nayo yaweza kuanza chenga, na fundi asiyejua hilo atapanda juu ya paa kugeuza antena isiyo na kosa.

Kupitia waya huohuo mfupi, deki hutuma pia stesheni yake yenyewe, kama mtambo mdogo wa matangazo usiosikika nje ya waya. Deki nyingi za mfumo wa PAL hutumia chaneli 36 ya UHF au jirani zake. Weka kanda yenye picha, iache icheze, halafu isake stesheni kwenye runinga taratibu kuanzia chaneli 30 hivi mpaka picha itokee, uihifadhi. Ikitokea na mistari inayopishana, kuna mtambo mwingine unaotumia chaneli hiyo. Nyuma ya deki nyingi kuna skrubu ndogo ya kuisogeza. Deki iliyoletwa kutoka Uingereza ina kisa chake: sauti yake hukaa megahezi 6.0 juu ya picha, na runinga iliyotengenezwa kwa mfumo wa Ulaya bara huitafuta kwenye 5.5. Picha utaiona vizuri kabisa, ila sauti itakuwa mvumo mtupu. Hapo hakuna kilichoungua.

Dawa ya hayo yote ni nyaya za rangi, ikiwa runinga yako ina matundu yake: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Njia hii haihitaji kusaka stesheni, na picha huwa safi zaidi. Runinga bapa za sasa mara nyingi zina tundu moja jembamba la AV linalodai waya wa kugawanya. Usinunue wowote tu, maana mpangilio wa ndani hutofautiana baina ya watengenezaji. Ukisikia mngurumo badala ya sauti, jaribu kwanza kubadilisha nafasi za plagi za rangi.

Kurekodi kutoka hewani kumebadilika. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kinasa stesheni cha deki hakiyaelewi mawimbi ya dijitali. Sasa antena huingia kwenye king'amuzi, nacho hupeleka picha na sauti kwenye AV IN ya deki. Kwenye deki chagua AV au L1 badala ya namba ya stesheni. Itarekodi kile tu king'amuzi kinachoonyesha wakati huo, basi ukitegesha saa ya kurekodi, king'amuzi kiache kimewaka, tena kwenye stesheni unayoitaka.

Kabla ya kuingiza kanda yoyote ya zamani, inua kifuniko chake cha mbele uitazame kwenye mwanga. Huku pwani unyevu huotesha ukungu, ukaonekana kama vumbi jeupe kwenye kingo za utepe. Kanda ya namna hiyo usiiingize: itachafua hedi, nazo hedi zitachafua kanda nyingine zote. Kanda nzima ivunje kile kijino cha plastiki ubavuni, ili kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi, harusi isifutike. Kanda zilizotumwa na ndugu walioko Marekani ziweke kando. Zilirekodiwa kwa NTSC, na deki ya PAL pekee itazionyesha zikikimbia au zikipoteza rangi.

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo picha ikishatulia, nyaya zilezile za rangi zichomeke kwenye kifaa cha kuingizia video kwenye kompyuta, na urekodi tangu mchezo wa kwanza. Utepe wa miaka 30 unaweza kukatika katika mchezo wa pili.