Breve: Fundi wa Matiyo Anaulizwa Nini?

Hapa Goma matiyo ya maji yanapita kati ya mawe ya volkano, na fundi anayakaza amepinda mgongo. Tuseme mmoja ametengeneza kipande cha chuma cha kutia ku kle yake, ashike tiyo fasi mkono haufike. Je, anaweza kupewa hati ya uvumbuzi, ile tunaita breve?

Marekani, tangu 1836, mukaguzi anachunguza kwanza. Kitu ni kipya? Kinafaa kazi? Na swali gumu kupita yote: fundi yeyote hangekifikiria mara moja? Kle ya tiyo ni ya zamani, Daniel Stillson alipata hati yake kule mwaka 1870. Mukaguzi atafungua hati kama hizo, na akiona kipande chako ni kitu kile kile chenye mupini murefu tu, anakataa.

Kwetu Kongo ni namna ingine. Sheria ya 7 Januari 1982 inatoa hati bila kupima kama kitu ni kipya. Makaratasi yakiwa sawasawa, basi. Wengine watafurahi, mimi hapana. Siku mtu anaiga kipande chako, munafika mbele ya tribunali, na ni pale upya unapimwa, feza zimekwisha kutoka.

Tena upya unaweza kupotea ukikionyesha watu mbele ya kuandikisha. Kwa hiyo fundi achore, aandike maelezo, apeleke maombi kwa wizara ya Viwanda kule Kinshasa, kisha ndipo akipeleke sokoni Virunga.